Ambrayaji ya «steji 5» imenikulia motere (injini), na fundi anasema mimi ndiye niko na mguu mubaya

Bandugu, niko na hasira juu ya ambrayaji (wenzetu wa Dar na Nairobi mnaita klachi), na nitaandika ndefu. Mwenye kuchoka aruke.

Gari ni Toyota Mark II, JZX90, motere 1JZ-GTE ya turbo mbili. Kiwandani ilitoka na farasi 280 na Nm 363 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Ilikuwa ya otomatiki, nikaivalisha bwati (giaboksi) ya R154 ya mkono. Nikapanua bomba la moshi, presha ya turbo nikaipandisha hadi bari 1.1, na kijana wa kompyuta aliyeipanga akanikadiria Nm 450 hivi. Mpaka hapo furaha tupu.

Halafu ambrayaji ikaanza kuteleza. Njia ya Likasi, vitesi (gia) ya nne, unakanyaga, mshale wa mizunguko unapanda mbio, wa kilomita umelala pale pale, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Sikubishana. Ya kiwanda ilikuwa imeshindwa.

Nikaenda kwa muuzaji mmoja hapa Lubumbashi, simtaji. Swali lake la kwanza na la mwisho: «Yaya (kaka), uko na makuta ngapi?» Hakuuliza Nm. Hakuuliza kama ninaenda nayo kazini ao ni ya mbio za Jumapili tu. Akatoa boksi: diski ya vipande sita vya seramiki, katikati haina hata springi moja. «Hii ni steji 5, yaya. Itavuta hata kamio (lori).» Dola 430. Mama watoto anajua ni 200, naomba ibaki hapa.

Sasa mnisikilize juu ya hizo steji. Hakuna anayezipima! Kila kiwanda kinajipangia namba zake, na steji 3 ya huyu inaweza kubeba kuliko steji 5 ya yule. Kinachosomwa ni Nm ambazo kiwanda kinasema itazishika. Unalinganisha na za motere yako, unaacha nafasi kidogo juu, basi. Mimi ingenitosha ya 550. Kwenye karatasi ya ndani, niliyoisoma nikiwa nimeshalipa, imeandikwa 800. Buti la mgodi kwenda nalo harusini.

Nguvu ya ambrayaji inatoka kwenye vitu vinne: plato (sahani inayobana diski) inabana kwa nguvu gani, diski inang'ang'ania kiasi gani, ni pana kiasi gani, na nyuso zinazosuguana ni ngapi. Muuzaji wetu anajua viwili vya kwanza tu: bana zaidi, weka kitu kikali zaidi. Ndiyo maana pedali inakuwa ngumu kama kusukuma ukuta. Diski moja ina nyuso mbili. Ukiweka diski mbili zinakuwa nne, unashika mara mbili kwa nguvu ile ile ya kubana, na mguu hauumii. Ni ghali, sawa, lakini angeniambia nikachagua mwenyewe. Ao plato ngumu kidogo pamoja na diski ya kawaida ya oganiki yenye springi. Hiyo ingemaliza shida yangu kwa makuta pungufu.

Seramiki si mbaya. Inavumilia moto kuliko oganiki. Lakini inashika ghafla, ni ndiyo ao hapana, katikati hakuna. Na bila springi kila mshtuko unaingia moja kwa moja kwenye bwati. Nimeiendesha Kamalondo siku Mazembe inacheza, gari inaruka ruka kama mbuzi, watoto wanacheka. Nimekaa nayo njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nyuma ya malori ya shaba, mita tano, simama, mita tano, simama. Goti la kushoto mpaka leo.

Tuje kwa fundi, na hapa ndipo damu inachemka. Flaiwili (volan ya motere, gurudumu zito ambalo diski inabanwa juu yake) hakuipeleka kusawazishwa. Ina mabaka ya bluu ya moto wa zamani, akafunga diski mpya juu yake. Butee (beringi inayosukuma plato ukikanyaga pedali) ya zamani akairudisha, eti «bado inazunguka». Diski aliishika kwa mikono ya grisi. Na alipomaliza akatoka nayo barabarani kuipiga moshi wa matairi «kuijaribu», wakati ambrayaji mpya inataka kilomita mia kadhaa za upole kwanza.

Lakini kilichoniua ni kurekebisha. Hakuacha hata nafasi ndogo ya pedali, butee ikawa inasukuma plato saa zote. Plato ngumu vile, inasukuma krenki (mhimili mkuu wa motere) kwa mbele, na krenki inazuiliwa na rondeli (washa) nyembamba mbili tu ndani ya motere. Wiki ya tano nikaona kitu: nikikanyaga pedali gari imesimama, mizunguko inashuka. Nikafungua boneti, nikamwambia mdogo wangu akanyage. Puli ya mbele inaingia, inatoka. Kwa macho! Krenki yenye afya inacheza sehemu ndogo sana ya milimita, ya kwangu inatembea kama droo. Tulipoteremsha karta (bakuli la oili chini ya motere), rondeli moja tuliikuta chini, imekuwa nyembamba kama wembe, na krenki imechimbika.

Nikampigia fundi. «Yaya, uko na mguu mubaya, unalalia pedali.» Muuzaji naye: piesi ikishafungwa hairudi. Kila mmoja ananituma kwa mwenzake, na mimi motere iko kwenye meza.

Kwa hiyo natafuta krenki ya 1JZ ya okazyoni (iliyotumika), isiyochongwa, Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi. Na mtu mwenye mashine ya kusawazisha flaiwili anayejua anachofanya, aniandikie.

Seramiki yenyewe iko nzima, vipande vyote sita. Dola 150. Ila kwanza nitakuuliza Nm zako, na kama unapita nayo Kasumbalesa.