Naomba ushauri: Je, Gertrude wa Hamlet alijua mumewe aliuawa?

Mwanachuo: Habari za jioni wakuu. Naandika insha kuhusu Malkia Gertrude, mama yake Hamlet, katika tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare. Mwalimu wangu anamfuata mhakiki A. C. Bradley, aliyeandika mwaka 1904 kwamba malkia hakuhusika na mauaji, ila ni mtu mzito wa akili, asiye na kina. Hilo la pili silikubali hata kidogo. Tatizo ni kwamba kila nikiandika najikuta namhurumia tu, sithibitishi kitu. Nianzie wapi?

Bi Nuru: Mdogo wangu, anzia chumbani kwake, sehemu ya tatu, onyesho la nne. Polonius, mshauri wa mfalme, kashachomwa upanga na Hamlet nyuma ya pazia. Hamlet anamwambia mama yake kuwa ubaya huo unakaribia ule wa kumuua mfalme na kuolewa na nduguye. Gertrude anashtuka: “Kumuua mfalme?” Usiishie hapo. Hamlet anamtaka asimfichulie Claudius, mfalme wa sasa aliyemuua nduguye na kumwoa malkia, kwamba wazimu wake ni wa kujifanya. Papo hapo malkia anakwenda kwa mfalme na kumwambia kijana amevurugikiwa kama bahari na upepo vinavyoshindana, tena analilia alichokifanya. Sisi tumemwona Hamlet akiburuta maiti. Hayo machozi hatukuyaona. Mtu mzito wa akili hatungi ulinzi wa namna hiyo mbele ya mfalme.

Mzee wa Jukwaa: Hapo napingana nawe, dada. Laertes, mwana wa Polonius, anapovamia ikulu kumdai baba yake, Gertrude anadakia kwamba si Claudius aliyemuua. Bado anamkingia kifua mumewe, baada ya yote aliyoambiwa chumbani! Mwanachuo akimfanya malkia mshirika wa Hamlet moja kwa moja, mwalimu atamkamata hapo.

Bi Nuru: Kweli anamkinga. Lakini Laertes amesimama pale na upanga, na jina la Hamlet halimtoki mdomoni. Amewalinda wote wawili kwa sentensi moja.

Msoma Matoleo: Ndugu mwanachuo, taja mapema unatumia toleo gani. Katika lile fupi la 1603 malkia anaapa kwamba hakujua lolote kuhusu mauaji, na anaahidi kumsaidia Hamlet kulipa kisasi. Lililofuata, la 1604 na 1605, halina kiapo hicho, wala la 1623 halina. Ukichanganya, hoja yote inaporomoka. Mtafute pia mhakiki Carolyn Heilbrun, 1957. Alimjibu Bradley kwa kuonyesha jinsi malkia anavyosema kwa ufupi na kulenga.

Mwanachuo: Asanteni sana. Na kile kikombe cha sumu Claudius alichomwandalia Hamlet? Claudius anamkataza, naye anakunywa.

Bi Nuru: Usikitegemee kuthibitisha alijua kilichomo. Anasema atakunywa na kuomba radhi, basi. Mengine huamuliwa na mwigizaji. Tazama kinachofuata. Anaanguka, Claudius anawaambia watu amezimia kwa kuona damu. Malkia anakanusha mbele ya wote: ni kinywaji, Hamlet wangu, nimewekewa sumu. Maneno yake ya mwisho yanamuumbua mfalme. Aya yako nzito kuliko zote iweke hapo.