Mwanangu anataka kutangaza mpira

Kutoka: Mama wa Leicester

Ndugu zangu, salaam aleikum, na wote hamjambo.

Leo nina jambo la nyumbani. Mwanangu wa pili ana miaka 19, yuko mwaka wa kwanza chuoni, anasomea uhasibu. Juzi alinijia jikoni namenya muhogo, akaniambia, "Mama, mimi nataka kuwa mtangazaji wa mpira. Kwa Kiswahili." Nikaweka kisu chini.

Babake anasema hizo ni ndoto za mchana. Mimi sitaki kumvunja moyo, lakini hata pa kumwelekeza sipajui. Kiswahili anacho, ila ni kile cha nyumbani: njoo, leta, umekula? Ukimwambia "mlinda lango" anakutazama. Kuna mtu hapa aliyeipitia njia hii? Kazi yenyewe ipo, tena inamlisha mtu?

Kutoka: Mzee wa Coventry

Aleikum salaam dada. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana umenigusa penyewe.

Mimi nimekulia Kisauni, kule Mombasa, si mbali na Kengeleni. Redio ilikuwa moja kwa nyumba tatu. Siku ya mechi betri zinaanikwa juani tangu asubuhi ili zivute hadi dakika ya 90, na jioni watu kumi na kitu tuko mkekani, hakuna anayekohoa. Kisha inakuja sauti ya mtangazaji wetu, Leonard Mambo Mbotela. Uwanja wa Nairobi sijawahi kuukanyaga hadi nilipokuwa mtu mzima, lakini niliujua. Nilijua jua linampiga nani machoni, nilijua mpira umetoka upande wa jukwaa au upande wa pili. Akitaja Mahmoud Abbas, yule kipa wetu aliyeitwa Kenya One, sisi Wamombasa tunanyanyuka mkekani kama vile tuko nyuma ya goli. Miaka ile Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walichukua Kombe la Chalenji, lile la Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, na wengi wetu tuliyaona hayo kwa masikio.

Mwambie kijana amjue Mbotela kabla hajashika kipaza sauti. Alizaliwa Mombasa mwaka 1940, akatokea Freretown, kile kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele iliyolipa jina eneo la Kengeleni ni ya huko. Babake, James Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Kwa hiyo Kiswahili kile hakukiokota studio. Kilikuwa chakula cha nyumbani, kimeandikwa, kimesomwa, kimerekebishwa mezani. Mimi hapo ndipo ninapoona siri yake yote, wala siamini kwamba ni koo tu.

Alijiunga na Sauti ya Kenya, redio ya taifa, mwaka 1964, nchi ina miezi tu ya uhuru. Mwaka 1966 akaanza Je, Huu ni Ungwana?, kipindi cha dakika chache cha kuuliza adabu za watu: umealikwa chakula, unafunua sufuria za wenyewe, je, huu ni ungwana? Kikadumu zaidi ya miaka 50. Wengi wanaitenga kazi ile na ya mpira. Mimi sizitengi. Mtu anayetazama jinsi mgeni anavyokaa kwenye kiti cha mwenyeji ndiye huyohuyo anayeona kwamba beki wa kushoto amechoka, kashika kiuno, na winga ameliona hilo. Ni jicho moja.

Tena kuna ile Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa Jeshi la Anga walimfuata nyumbani usiku, wakampeleka studio, akalazimishwa kutangaza kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Baadaye majeshi ya serikali yakakirudisha kituo, na sauti ileile ikatumika kuwaambia wananchi kwamba mapinduzi yameshindwa. Fikiri hilo dada. Pande zote mbili zilijua kwamba Wakenya hawataamini neno mpaka waisikie sauti ya Mbotela. Sauti iliyozoeleka kwenye mpira na kwenye adabu ndiyo iliyotafutwa siku nchi ilipotikisika. Alifariki tarehe 7 Februari 2025, ana miaka 84, na mimi niliegesha gari kando ya barabara nikakaa kwanza.

Sasa ya hapa Uingereza. Asiache uhasibu. Nasema hivi kwa upendo, kwa sababu mimi mwenyewe nilijitolea miaka mitatu kwenye redio ya hospitali huku nikifanya kazi ya ghala, na ndiyo shule bora niliyoipata. Hospitali nyingi hapa zina redio yao inayoendeshwa na watu wa kujitolea, na ziko redio za jamii zenye leseni ya Ofcom, wasimamizi wa utangazaji hapa, ambazo hazitafuti faida na daima zina njaa ya vijana. Aende kubisha hodi. Watampa kwanza kazi ya kubeba nyaya na kuandika ratiba, akubali. Aulize pia klabu ya mpira ya mjini kwenu: klabu kadhaa hapa hutoa matangazo maalumu kwa mashabiki wasioona, wanavaa visikilizio uwanjani na mtangazaji anawaeleza kila kitu, hadi rangi ya viatu. Mwenye kuijua kazi hiyo hashindwi na redio.

Na mazoezi ya nyumbani ni haya. Jumamosi aende uwanja wa mtaani, ligi ya watu wazima, aombe ruhusa kwa wenye timu, ajirekodi kwa simu. Upepo ukisumbua, aivishe simu soksi safi, nimefanya mwenyewe. Abebe kile kichupa cha mchanga cha kupimia yai la kuchemsha. Kila mchanga ukiisha ataje matokeo na dakika, maana kuna mtu ndiyo kwanza afungue redio. Kisha rekodi hiyo ampe mtu ambaye hakuwepo, amuulize swali moja tu: mpira ulikuwa wapi? Akishindwa kujibu, kijana bado alikuwa anapiga kelele.

Kutoka: Dada wa Bonn

Shikamoo mzee. Umeniliza.

Mama wa Leicester, mimi ni Mtanzania, na kwetu mfano ninaoujua ni marehemu Charles Hilary. Nauleta kwa sababu njia yake ilipita huku tunakoishi sisi. Alianzia Radio Tanzania, mpira akautangaza mpaka jina likajulikana nchi nzima, akapita Radio One, ndipo akaja huku Ujerumani, Deutsche Welle, kisha London, BBC. Baada ya miaka yote hiyo ya ughaibuni alirudi nyumbani kufanya kazi Azam, kampuni ya televisheni na redio, na mwisho akawa Msemaji Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi Zanzibar. Tulimpoteza Mei 2025, miezi mitatu tu baada ya Mbotela. Mwaka mbaya sana kwa redio zetu.

Lakini mama, nitakuambia kweli, kijana asidhani mlango uliomfungukia Charles bado uko palepale. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 27 Juni 1957 kutoka London, na leo kazi kubwa ya idhaa hiyo inafanyika Nairobi. Hapa Bonn Deutsche Welle bado ipo, idhaa ya Kiswahili inatangaza tangu 1963, ila nafasi ni chache, na wanaozigombea wana miaka ya uzoefu.

Pesa ya utangazaji wa mpira kwa Kiswahili sasa iko nyumbani. Mwaka 2021 Azam walisaini na TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Agosti 2025 CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ilichezwa Kenya, Tanzania na Uganda, na AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 imepewa nchi hizohizo tatu. Hizo mechi zinahitaji midomo. Mtoto aliyekulia huku ana Kiingereza cha kumhoji kocha wa kigeni bila mkalimani, hiyo ni mali. Kinachomkosesha ni Kiswahili chenyewe. Basi mpelekeni likizo ndefu, miezi miwili Mombasa au Tanga, akae vijiweni na wanaobishana Simba na Yanga, Gor Mahia na AFC Leopards, wale Ingwe. Darasani hatakipata kile.

Kutoka: Mwanafunzi wa Dundee

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba kudandia. Mimi niko hapa kwa viza ya masomo, nami nina ndoto hiyohiyo. Nafikiria kufungua chaneli ya YouTube, nichambue Ligi Kuu, nikipata matangazo nilipwe kidogo. Kuna ubaya?

Kutoka: Mzee wa Coventry

Marahaba mwanangu. Upo ubaya, tena mkubwa, na ushukuru umeuliza kwanza. Viza ya masomo haikuruhusu kujiajiri. Kuajiriwa unaweza, kwa wanafunzi wengi wa shahada ni saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, lakini kulipwa na chaneli yako mwenyewe kunahesabiwa kuwa biashara yako. Nimemwona kijana mmoja akihangaika na barua za uhamiaji kwa senti ambazo hazijazi hata kapu la sokoni. Hata kujitolea kuna aina mbili: ukipangiwa zamu na majukumu kama mfanyakazi, saa hizo zinaweza kuhesabiwa ndani ya zile 20. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako, waeleze unachotaka kufanya, wakujibu kwa maandishi, na karatasi uitunze. Redio ya wanafunzi ya chuo ndiyo pa kuanzia. Na vipande vya mechi usivirushe kabisa, vina wenyewe walivyovilipia.

Kutoka: Mama wa Leicester

Wazee wangu, dada yangu, Mungu awalipe. Nimemsomea barua zenu zote, na ya mzee nilimsomea mara mbili kwa sababu aliomba. Uhasibu haachi, tumekubaliana. Babake amenyamaza, na kunyamaza kwake mimi nakujua, si kukataa.

Jumamosi tulikwenda uwanja wa bustani ya karibu. Timu mbili za mafundi bomba na madereva, mvua ya rasharasha, soksi juu ya simu. Nikasema badala ya kurekodi tumpigie bibi yake, yuko Majengo, macho yamemwishia mwaka wa nne sasa. Nikampa kijana simu nikasimama kando na mwavuli.

Akaanza kwa kasi, "anachenga, anachenga, anaachia kombora, nje!" Mimi niliona fahari. Bibi akamkatiza. "Baba, nje upande gani? Na huyo anayechenga ni wa wapi, mbona hujanivalisha jezi?" Akakwama. Dakika nzima hakusema kitu, anautazama uwanja kama ndiyo kwanza anaufikia.

Kisha akarudi pole pole. Akamwambia bibi kwamba kulia kwake kuna miti mitatu mirefu, kushoto kuna barabara, wenye jezi za kijani wanashambulia kuelekea mitini, nyasi zimelowa, na kipa wao ni mtu mnene aliyefunga kitambaa kichwani. Bibi akacheka. Kipindi cha pili kijani walipopata kona nilisikia simuni bibi anawaambia waliokuwa naye chumbani, "Nyamazeni, kona inapigwa upande wa miti."