Naomba ushauri: Je, niwaambie walaji kwamba maandazi yana unga wa funza?

Mfugaji wa Kihonda
Wanajukwaa, salaam. Tangu mwaka jana ninafuga funza wa unga, wale viwavi wa rangi ya dhahabu ambao wakikomaa hugeuka mbawakawa weusi. Ninawalea kwenye mabeseni hapa Morogoro kwa pumba za ngano na vipande vya karoti vinavyowapa maji, na ufugaji wenyewe haunisumbui. Kinachonisumbua ni walaji. Niliwakaanga nikawapelekea majirani, hakuna aliyegusa sahani. Baadaye niliwakausha, nikawasaga na kuuchanganya unga wao kwenye maandazi, yakaisha yote na watu wakaomba mengine. Sikuwaambia kilichomo. Ninaamini kwa dhati kwamba chakula hiki kingezifaa sana nyumba ambazo nyama huonekana kwa nadra, kwa kuwa karibu nusu ya uzito wa funza mkavu ni protini. Je, niendelee kimya mpaka wazoee ladha, au niseme sasa?

Mama Lishe
Ndugu yangu, sema leo, kabla hujakanda unga mwingine. Mtu ambaye mwili wake unakataa kamba au kaa anaweza kudhurika na funza hawa pia, kwa sababu baadhi ya protini zao zinafanana. Umoja wa Ulaya, uliporuhusu funza wakavu kuuzwa kama chakula mwaka 2021, ulitaka onyo hilo liandikwe kwenye pakiti. Maandazi yako hayana pakiti, kwa hiyo onyo ni kinywa chako.

Abuu Swabri
Naongeza la dini. Nzige ameruhusiwa kwa hadithi, lakini kuhusu wadudu wengine wanazuoni wamehitilafiana, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, funza haliwi. Jirani Mwislamu uliyemlisha bila kujua hana dhambi, ila anastahili kuombwa radhi.

Mwana wa Bukoba
Nakubaliana nao. Hata hivyo, usikate tamaa. Kwetu Kagera, senene wakianguka mwezi wa Novemba, nyumba nzima hukaa kuwatoa mbawa na miguu, na mfuko wa senene waliokaangwa ni zawadi ya heshima kwa mgeni. Hakuna Mhaya atakayekuambia kwamba anakula mdudu, anakula senene. Wewe umewapelekea watu neno linalowakumbusha vidonda na nyama iliyooza. Waulize wazee wa mtaani kwako kama hawakula kumbikumbi utotoni, kisha anzia hapo, mbele ya kikaango, kila mtu akiona unachopika.

Mfuga Nyenje, Bondo
Upande wa usafi: wanyime chakula siku moja kabla ya kuvuna ili matumbo yawe matupu, wachemshe dakika chache kabla ya kuwakausha, na utupe pumba zenye ukungu. Watenge mbawakawa, maana hula mayai yao wenyewe, na mabeseni yakae mbali na ghala la nafaka.

Mfugaji wa Kihonda
Nashukuru nyote. Jioni hii nimeanza na jirani wa mlango wa pili, ambaye ni Mwislamu. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama watoto wake nao walikula. Walikula. Nimemwomba radhi, na kesho nitakwenda kwenye nyumba tatu zilizobaki.