Naomba ushauri: filamu ya maisha ya Xiao Hong, niirudie au nisome vitabu kwanza?

Habari zenu wakuu, juzi nimeangalia The Golden Era ya mwongozaji Ann Hui, ya 2014, Tang Wei ndo kaigiza kama Xiao Hong, yule mwandishi wa kike wa China aliyezaliwa Hulan kaskazini mashariki 1911 akaja kufia Hong Kong Januari 1942, Wajapani wameshaingia, miaka 30 tu jamani. Nimelia. Ile sehemu kaachwa hotelini Harbin na mimba yake na deni juu, mpaka leo haijanitoka kichwani.

Sasa shida yangu, muvi ni karibu masaa matatu na wahusika kila mara wanageukia kamera wanaanza kusimulia kama mashahidi, mara tupo Shanghai kwa mwandishi mkongwe Lu Xun mara mji wa Xi'an, nikapotea katikati. Mnanishauri niirudie hivyo hivyo au nisome vitabu vyake kwanza? Tafsiri za Kiingereza zipo, ila nianze na kile cha utoto wake Hulan au kile cha wakulima cha 1935? Na mdogo wangu wa kidato cha pili anapenda sana kuandika, nimwonyeshe au itamlemea? Aliyeiona anisaidie tafadhali.