Panga la jeshi la marehemu babu, kaka anataka alipige grainda, naombeni ushauri

Kijana wa Kongwa
Wakuu habari za jioni. Juzi tulikuwa tunabomoa tembe ya marehemu babu huku Kongwa, nikakuta panga limechomekwa kwenye miti ya dari limeviringishwa kwenye kipande cha turubai. Zito kuliko haya ya dukani, linapanuka kwenda mbele, mpini mweusi ila sio mti, ribiti moja imelegea, na karibu na mpini kuna alama kama mguu wa kuku na maandishi yameliwa na kutu. Bibi anasema babu alikuwa keya (askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) alipigana mpaka Bama (Burma) ndo akarudi nalo, baba mdogo anabisha anasema alilipata kwenye mradi wa karanga wa Waingereza. Sasa kaka kesho anataka alipige grainda ling'ae tukafyekee shamba jipya la migunga, roho inaniuma kwakweli. Nilisafishe vipi na je bado linafaa kazi?

Fundi Majengo
Mkuu ficha hiyo grainda leo leo. Grainda inachemsha makali, ukiona chuma kimegeuka rangi ya bluu ujue ugumu umeshaondoka hapo, kila ukinoa linakunja tu. Alafu itafuta maandishi na hayo ndo mali yenyewe. Chukua mafuta ya taa paka acha lilale usiku mzima, asubuhi sugua na stilwaya taratibu kwa kufuata urefu wa bapa, rudia hata siku tatu. Weusi utakaobaki chini ya kutu uache, unalinda chuma. Siki watu wanapenda kuloweka lakini inakula hadi alama, usijaribu. Kunoa ni tupa tu, sukuma upande mmoja usirudishe nyuma, mapanga haya yametengenezwa yanolewe kwa tupa porini.

Mzee wa Kibaigwa
Kijana huo mguu wa kuku ni mshale, alama ya mali ya serikali ya Uingereza, iligongwa kwenye vifaa vyao vya jeshi, kwahiyo sio la Wamarekani, ya kwao utakuta herufi U.S., kama lile la inchi 18 la mwaka 1942, mengine yalitengenezwa na Collins ya Connecticut yana neno LEGITIMUS. La kwako tafuta jina la mji wa Birmingham au Sheffield. Ukiona Martindale ndo wale wale wa nembo ya mamba.
Kuhusu ubishi wa nyumbani, bibi na baba mdogo wote wana hoja. Keya walipigana Bama 1944 kwenye misitu na mvua, panga lilikuwa lazima. Na mradi wa karanga ulipoanza hapo Kongwa 1947 Waingereza walijaza masalia ya vita, hadi vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta ya kung'olea visiki, na mibuyu ikawashinda, 1951 wakafunga. Ila muulize bibi kama panga lilikuwepo kabla hawajaoana, hapo utapata jibu kuliko kwetu.

Mama Hombolo
Mdogo wangu litumie, panga likikaa tu ndo linaoza. Mimi la baba yangu nafyekea nalo kila mwaka, vichaka na mabua ya mtama linapita kama maji, lakini mgunga mkavu tumia shoka maana ule mti utapasua huo mpini, na ribiti ikazwe kwanza kabla halijagusa kazi. Ukimaliza futa, paka oili ya injini kidogo. Usipake ya alizeti, la kwangu lilinata kama gundi nikaanza kusugua upya. Na usilirudishe kwenye turubai, linashika unyevu, ila usiitupe, wengine waliandika namba zao za jeshi humo.

Kijana wa Kongwa
Asanteni sana wakuu. Nimesugua usiku wa pili, mshale umetoka vizuri na chini yake 1944, jina la kampuni bado naona herufi mbili tu. Kaka kaona mwenyewe kanyamaza, amekubali tukakope shoka. Bibi nimempelekea akalishika mpini mda mrefu, anasema walioana 1949 na siku anaingia ile nyumba panga lilikuwa pale pale darini, sasa hapo bado baba mdogo hajakubali maana mradi ulikuwepo tayari. Turubai niliitupa kwenye kifusi juzi Mama Hombolo, hapa nimeshika tochi naenda kufukua.