Mafunzo ya siku 10 kwa wapelelezi wa Pemba: tuanzie wapi ili jalada lisirudishwe?

Fundi_wa_Jalada

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Natayarisha mafunzo ya siku 10 kwa wapelelezi 24 wa ngazi ya wilaya, nusu Kaskazini Pemba na nusu Kusini. Wote wameshapita chuo. Kukamata wanajua na kuandika maelezo wanajua. Tabu iko baada ya hapo. Jalada linafika kwa wakili wa serikali, linarudi na maelekezo ukurasa mzima, miezi inakwenda, shahidi kahamia Unguja au kashikwa na muhali (kuoneana haya kwa ujamaa na ujirani), na mwisho kesi inaondoshwa mahakamani.

Rasimu niliyonayo ni mihadhara mitupu: siku ya kwanza sheria, ya pili eneo la tukio, ya tatu vielelezo, na kadhalika. Naiona haitoshi. Naomba wenye ujuzi mnambie: tuanze na lipi, ni mazoezi gani yanayoingia kichwani kweli, na makosa gani yanayorudisha majalada mara nyingi zaidi? Nitashukuru mkitaja mambo kwa undani, maana ya juu juu yamo kwenye vitabu.

---

Baraza_la_Chake

Waalaykum salaam, mwalimu.

Geuza ratiba. Usianze na eneo la tukio, anza na hati ya mashtaka. Asubuhi ya siku ya kwanza wape hati moja iliyokamilika, tuseme ya wizi, kisha waulize: ili mtu huyu atiwe hatiani, mahakama lazima iridhike na mambo gani? Waandike viini vya kosa kimoja kimoja. Mali ilikuwepo. Ilikuwa ya mlalamikaji. Ilichukuliwa bila ya ridhaa yake. Aliyechukua ni mshtakiwa huyu, si mwengine. Alikusudia kumnyima mwenyewe moja kwa moja.

Karatasi waigawe safu tatu: kiini cha kosa, ushahidi wa kukithibitisha, na nani atakayesimama kizimbani kuusema. Pale safu ya pili au ya tatu inapobaki tupu ndipo pana kazi ya kesho. Mpelelezi mwenye karatasi hii ndani ya jalada hazunguki. Asiyekuwa nayo huchukua maelezo ya mashahidi kumi wanaosema jambo moja, na la pili halina hata mmoja. Wakili wa serikali anapolirudisha jalada, mara nyingi anachofanya ni kuijaza karatasi hiyo kwa niaba ya mpelelezi.

Jengine liwekwe mwanzo kabisa kwa sababu linaudhi na halina haja ya kuwepo. Polisi ni chombo cha Muungano, na vitabu vingi vya mafunzo vimeandikwa kwa ajili ya Bara. Makosa ya huku yanashtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Jinai ya Zanzibar, Nam. 6 ya 2018. Mwenendo ni wa Sheria Nam. 7 ya 2018, na ushahidi ni Sheria Nam. 9 ya 2016. Ukikuta maelezo ya onyo (yale ya mtuhumiwa baada ya kuelezwa haki zake) au hati ya upekuzi ya Chake Chake imetaja kifungu cha Sura ya 20 ya Bara, yaani sheria yao ya mwenendo wa jinai, ujue aliyeijaza kanakili fomu ya zamani bila ya kusoma. Wakili wa utetezi atalianzia hapo. Zipo sheria zinazotumika pande zote mbili, kama ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo swali la "sheria ipi?" liulizwe kwa kila kosa.

---

Bi_Msingini

Nakubaliana na Baraza. Mimi niongeze vielelezo, maana huko ndiko kesi nzuri zinakofia.

Mwalimu, tumia mfano wa karafuu. Kila mshiriki wa Pemba anazijua, na zina mtego wake. Karafuu mbichi ikikauka hupoteza takriban thuluthi mbili ya uzito. Mpelelezi kakamata polo (gunia) lenye kilo 30 mbichi, kaandika "karafuu kilo 30", kalitupa stoo. Baada ya miezi mitatu polo linatolewa mahakamani, linapimwa: kilo 10 na kitu. Utetezi unauliza swali moja tu: kilo 20 ziko wapi? Shahidi anabaki kuangalia chini. Hakuna aliyeiba, ni maji tu yametoka, lakini jalada halisemi hivyo. Na zikifungwa mbichi ndani ya polo bila ya kuanikwa, huvunda na kubadilika rangi, basi hata mwenyewe hazitambui tena.

Inavyotakiwa: zipimwe pale pale mbele ya mtuhumiwa, mlalamikaji na sheha, kiongozi wa shehia. Iandikwe kama ni mbichi, zimenyauka au kavu, na kama zimechanganyika na makonyo, yaani vikonyo vyake. Mizani ni ya nani? Kama ni ya kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, aliyepima ni shahidi, achukuliwe maelezo siku hiyo hiyo. Ipigwe picha uso wa mizani ukisomeka. Kisha iombwe amri ya mahakama juu ya mali inayoharibika: zianikwe, zipimwe tena, zipigwe picha, na ikibidi ziuzwe fedha ihifadhiwe. Tarehe mbili, uzito mbili, sababu imeandikwa. Swali la utetezi linakosa pa kushika.

Halafu waulize washiriki: mlalamikaji atazitambuaje karafuu zake? Karafuu ya Mgogoni na ya Kengeja hazina tofauti machoni. Kinachotambulika ni polo, jinsi lilivyoshonwa, kiraka, alama ya rangi, jamvi lililoachwa pale. Na lazima alama hizo azitaje kabla hajaoneshwa mali. Ukimuonesha kwanza kisha ukamuuliza, umemfundisha jibu. Wakitaka kutegemea kwamba mtuhumiwa kakutwa na mali iliyoibwa karibuni, hoja hiyo haisimami mpaka mali yenyewe iwe imetambuliwa bila ya shaka kuwa ndiyo ya mlalamikaji, na ndiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka.

Kwa kila kielelezo wafanye zoezi la mikono. Chukua bahasha moja, ipite kwa watu watano darasani: mkamataji, mpelelezi, mtunza stoo, mchukuzi wa kwenda maabara ya Mkemia Mkuu, na mkemia. Kila mmoja aandike jina, tarehe, saa, kapokea kutoka kwa nani, lakiri ikiwa nzima au imevunjwa. Lebo ni fomu ya polisi PF 145, daftari la vielelezo ni PF 16. Mwisho wa zoezi mpe mshiriki wa sita makaratasi peke yake na umwambie aieleze safari ya bahasha. Darasa zima litaona pengo lilipo. Mara nyingi ni yule mchukuzi: alikipeleka kielelezo bandarini, akavuka nacho hadi Unguja, akalala nacho usiku mmoja, na hakuna popote lilipoandikwa jina lake.

Dawa za kulevya: kuhesabu kete peke yake hakutoshi, na kupima peke yake hakutoshi. Idadi na uzito vyote viandikwe, pamoja na rangi ya karatasi iliyofungiwa. "Kete kadhaa" ni neno la barazani, lisionekane kwenye hati.

---

Kojani_Kwetu

Nawaheshimu, lakini naona mnakimbilia makaratasi na vitu. Kesi nyingi za huku hazina kitu cha kupeleka maabara. Zina watu. Na mpelelezi hajui kumsikiliza mtu.

Chukueni maelezo ya mashahidi wanne wa tukio moja mkayasome. Utakuta "niliona mtu mmoja jinsia ya kiume akiwa anatokea upande wa kusini" kwa wote wanne, neno kwa neno. Bibi wa miaka sabini wa Kojani hasemi hivyo hata siku moja. Mpelelezi kaandika ya wa kwanza, waliobaki kawanakilia. Siku ya kesi bibi anasema kwa maneno yake, yanagongana na maandishi, na anaonekana muongo wakati kasema kweli tupu. Maelezo yaandikwe kama yalivyotoka mdomoni, asomewe, arekebishe, kila rekebisho litiwe saini. Kama hajui kusoma, iandikwe kuwa kasomewa na nani.

Utambuzi wa usiku uwe somo la peke yake, nusu siku nzima. Mahakama ya Rufani tangu mwaka 1980 imeshaweka vipimo, na vinatufunga na huku pia: shahidi alimwona kwa muda gani, umbali gani, mwanga wa aina gani na mkali kiasi gani, kulikuwa na kizuizi, na alikuwa akimjua kabla? Mpelelezi anaandika "nilimtambua kwa mwanga wa taa" kisha anafunga jalada. Taa gani? Ya sola ya barazani, tochi ya simu, kandili? Ilikuwa inamulika uso au mgongo? Nendeni nao uwanjani baada ya Isha, mtu asimame hatua tano, kumi, ishirini, na tochi ya simu, waandike wanachokiona hasa. Hapo ndipo watajua kwa nini mahakama haitaki "nilimtambua" peke yake. Na shahidi aliyemjua mtuhumiwa amtaje jina kwa mtu wa kwanza aliyekutana naye usiku ule ule, na mtu huyo naye achukuliwe maelezo.

Gwaride la utambulisho, yaani kumpanga mtuhumiwa na wengine ili shahidi amtoe, ni kwa asiyejulikana tu. Ukimpanga kwenye gwaride mtu ambaye shahidi kasoma naye skuli moja, umepoteza muda wako. Likifanyika, PGO 232 (mwongozo wa kazi wa Jeshi la Polisi) inataka watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na umbo, mtuhumiwa achague pa kusimama, na shahidi asiwe amemwona kituoni kabla. Kisiwa ni kidogo; gari ya polisi ikimpitisha mtuhumiwa sokoni Chake mchana, gwaride la jioni halina thamani.

---

Fundi_wa_Jalada

Ahsanteni sana. Kojani, sikuipinga hoja yako, nusu siku ya utambuzi imeshaingia. Naomba sasa mwenye ujuzi wa kesi za udhalilishaji wa watoto anisaidie. Ndizo zinazoumiza zaidi, na ndizo zinazoondoshwa zaidi.

---

Muuguzi_wa_Zamu

Mwalimu, hapa saa ndiyo inayoamua. Mtoto afike kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliodhalilishwa, siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina maana ndani ya saa 72, na sampuli nazo zinapotea kila saa inayopita. Wapelelezi waelewe kuwa matibabu hayasubiri PF3, fomu ya polisi anayojaza daktari. Fomu inaweza kufuata, mtoto hawezi.

Familia nyingi humkosha mtoto kwanza kwa uchungu na aibu. Hawakukusudia kuharibu, kwa hiyo sheha na polisi shehia waambiwe mapema: asikoshwe, na nguo alizovaa zisifuliwe. Nguo zikauke kivulini, kila moja ndani ya bahasha yake ya karatasi. Mfuko wa plastiki unazuia hewa, unyevu unabaki, ukungu unaota, sampuli inaharibika. Hili linakosewa kila siku kwa sababu mifuko ya plastiki ndiyo iliyopo mkononi.

PF3 iliyoandikwa "ameingiliwa" haisaidii. Daktari aandike alichokiona: jeraha liko wapi, kubwa kiasi gani, jipya au la zamani. Na aandike jina lake kamili na kituo chake, maana madaktari huhamishwa. Kutoonekana jeraha hakumaanishi kosa halikutendeka, na ushahidi wa mtoto mwenyewe ndio wa mwanzo kwa uzito. Ahojiwe mara moja, na mtu mmoja aliyefunzwa, pahala patulivu, kwa maswali ya "nielezee ilikuwaje", si "fulani alikufanya hivi?". Akihojiwa na watu watano, siku ya sita atakuwa na hadithi tano, na kosa si lake.

Umri uthibitishwe. Majalada mangapi yana "mtoto wa miaka 14" na hakuna cheti cha kuzaliwa, hakuna kadi ya kliniki, wala maelezo ya mzazi yanayotaja tarehe? Na muhali uingie kwenye ratiba kama somo la upelelezi kamili. Mtuhumiwa ni ami, jirani, mwalimu. Wiki ya pili wazee wamekaa na sulhu imezungumzwa. Mpelelezi achukue maelezo ya mama, bibi na aliyeambiwa mwanzo na mtoto ndani ya siku mbili, kabla maneno hayajageuka, na amtembelee mtoto kila baada ya wiki mbili mpaka tarehe ya kesi. Safari hiyo iwe kwenye bajeti ya mafuta tangu mwanzo.

---

Baraza_la_Chake

Bi Muuguzi kasema kweli kabisa.

Kwa ratiba, mwalimu: siku mbili za mwanzo hati ya mashtaka na ile karatasi ya safu tatu. Siku ya tatu hadi ya saba wafanye jalada moja la kubuni, kila kikundi cha watu wanne, kuanzia taarifa ya kwanza kituoni hadi maelezo ya onyo: mtuhumiwa aelezwe kosa, aelezwe kuwa halazimiki kusema, saa ya kuanza na ya kumaliza iandikwe, saini kila ukurasa. Pasipo na saa, utetezi utadai kalazimishwa, na kesi itasimama kwa kesi ndogo ndani yake, ya kuamua kama alisema kwa hiari. Siku ya nane majalada sita yapelekwe kwa mawakili wa serikali halisi, wayarudishe kwa maandishi. Siku ya tisa wayarekebishe. Siku ya kumi iwe mahakama ya mfano, mpelelezi akihojiwa juu ya jalada lake mwenyewe bila ya kuliangalia.

Waombe mawakili hao mapema. Wiki ya vikao vya Mahakama Kuu hutompata hata mmoja.

---

Fundi_wa_Jalada

Nimechukua yote. Bi Msingini, kwa zoezi la karafuu natafuta kilo 6 mbichi za kuanika siku ya kwanza na kupima siku ya saba mbele yao. Mizani ya jikoni itatosha, au nikaazime ya kituo?

---

Bi_Msingini

Azima ya kituo, na aliyekuazima aje darasani atoe maelezo kama shahidi. Mvua ikinyesha katikati andikeni hilo pia, hazitokauka kwa wakati.