Tupeane uzoefu: mzio wa vyakula vya baharini

Kutoka Chumbageni, Tanga:
Ndugu zangu, sisi tuliolelewa kwa vitoweo vya bahari huwa tunasema tu kwamba kamba hawapatani na fulani, tukaishia hapo. Dada yangu alipokula mchuzi uliotiwa uduvi kwenye shughuli huko Ngamiani, haikuishia kwenye kuwashwa: midomo ilivimba, sauti ikakauka, akatapika na kubanwa kifua, yote hayo kabla sahani hazijaondolewa. Wengi walitaka ameze vidonge vya mzio kisha tusubiri. Shangazi yetu, ambaye ni muuguzi, alikataa, kwa kuwa vidonge hivyo hutuliza mwasho na vipele lakini havifungui koo linaloziba wala havipandishi presha inayoshuka. Alimkalisha chini akiwa amenyoosha miguu, kwa sababu alishindwa kupumua akilala, akakataza asisimamishwe wala kutembezwa; akabebwa mpaka garini. Hospitalini alichomwa adrenalini, dawa inayofungua koo na kupandisha presha, kwenye msuli wa paja, upande wa nje, kisha akabakizwa chini ya uangalizi, maana dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa hata kama mtu hajala tena. Naomba wenzangu mtueleze mnavyoishi na hali hii, hasa jikoni.

Kutoka Bagamoyo:
Pole sana kwa dada. Mwanangu hudhuriwa na kamba na kaa pia, na daktari alitueleza kwamba protini zao zinafanana. Samaki wa kawaida anamla bila shida. Kinachotusumbua zaidi ni mafuta, kwani hata muhogo uliokaangwa kwenye karai lililotangulia kukaangiwa kamba humtoa vipele. Kwa hiyo namuuliza muuzaji waziwazi, na mwalimu wake nimemwandikia dalili zote pamoja na namba zetu za simu.

Kutoka Pangani:
Naomba niongeze jambo linalochanganya wengi. Baba mdogo aliacha kula jodari akidhani ana mzio, ingawa siku ile wote tuliokula chungu kile tuliiva nyuso kwa wekundu, tukaumwa vichwa na mioyo kwenda mbio. Daktari alieleza kwamba samaki yule alikaa kwenye joto, bakteria wakazalisha histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, ndani ya nyama, na histamini haiondoki kwa kupikwa. Sasa baba mdogo anamla jodari tena, ila tunanunua aliyewekwa kwenye barafu tangu chomboni.